Viatu vya Mguu Mmoja

Picha ya kwanza niliyoweka mtandaoni ilikuwa ya kiatu kimoja cha kike, cheusi, juu ya meza ya mbao pale soko la Mchikichini. Chini yake niliandika kwamba hadithi yake ipo kwenye blogu yangu, gusa kiungo. Chai haijapoa, mtu akaandika: Bei?

Wa pili akauliza kama tunatuma mkoani.

Mama alikuwa ameshazikwa. Nilikuwa nakula, nalala, naamka, natembea kutoka Kariakoo mpaka Gerezani na kurudi. Watu walisema najikaza. Sikuwa najikaza, hapakuwa na kitu cha kukazia.

Mama alianza kuuza viatu vya mtumba miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na marobota yalipoanza kushuka bandarini kwa wingi. Mezani aliweka kiatu kimoja kimoja. Mwenzake alibaki kwenye gunia chini ya meza, ili mwizi akichomoa akose cha kufanya. Wauza viatu wote pale hufanya hivyo. Mimi niliacha shule kidato cha pili, nikabeba mizigo bandarini, nikauza vipuri Gerezani. Kila kazi niliiacha nikishajua inavyofanyika. Blogu nayo niliifungua hivyo hivyo, kuona ikoje.

Dada yangu yuko Mwanza. Mama alipofariki, yeye alikuwa ametoka kujifungua kwa upasuaji, hakuweza kusafiri. Alipiga simu baada ya matanga, akauliza kitu kimoja tu: mama alisema nini mwisho?

"Nitakuambia, dada," nilisema.

Mdomo ulikataa. Kumwandikia yeye peke yake pia nilishindwa. Kuwaandikia watu wote niliweza, kwa hiyo nikaiandika siku ile ya mwisho kwenye blogu, nikamwambia ataikuta huko. Blogu haikuwa na wasomaji. Dada naye hakuwa mtu wa blogu, ila picha alikuwa anaangalia kutwa. Ndiyo nikaanza kupiga picha viatu.

Meza ya mama ilikuwa imechukuliwa na jirani yake, mama mmoja wa Kichagga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwandishi, umekuja kupiga tena? Nunua basi hata kamba!"

"Natafuta wasomaji, mama."

"Wasomaji? Huku tunao wa kupatana bei tu. Haya, piga, ila usinikanyagie raba zangu."

Nilipiga. Dada aliweka moyo mwekundu kwenye kila picha, nami nikahesabu kwamba amesoma. Nikasubiri aseme neno. Mwisho nikapiga simu.

"Dada, umeiona ile habari ya mama?"

"Nimeionea wapi, mdogo wangu? Naona viatu tu. Nikigusa hapo uliposema, inazunguka weee, haifunguki."

"Umeweka kifurushi gani?"

"Kile cha mitandao tu. Kwani kuna kingine mtu wa kawaida ananunua?"

Kifurushi kile hufungua picha na ujumbe, basi. Hakigusi blogu. Na mimi nilikuwa nanunua hicho hicho. Blogu yangu nilikuwa naifungulia kwenye kompyuta ya duka la stesheneri.

Nikarudi pale, nikapiga picha maandishi yenyewe, ukurasa kwa ukurasa, nikayaweka palipokuwa panakaa viatu. Niliandika kwamba siku ile mama hakututaja, wala mimi wala dada. Aliulizia kiatu cha kijani chenye ua la ngozi. "Mwenzake umemwona? Angalia kwenye gunia." Nilimwambia nitaangalia. Akalala.

Chini ya ukurasa wa mwisho mtu aliandika: Hicho cha kijani saizi gani?

Kisha dada akapiga. Alikuwa analia na mtoto naye analia, sikujua nimsikilize nani.

"Mwenzake ninacho mimi," alisema. "Mama alinitumia kwa basi nikiwa na mimba, miguu imevimba, akasema hivi ni vipana. Nikafungua mfuko, kimoja! Alichukua cha mezani, cha kwenye gunia akasahau. Tulicheka mpaka machozi. Akasema atakitafuta."

Nilisema sawa.

Nilienda Mchikichini. Yule jirani alinivutia gunia la mama bila kuuliza, tukamwaga chini. Kilikuwa karibu na chini kabisa, ua limebonyea, bado kimejazwa gazeti puani kama mama alivyozoea.

"Kipige picha basi," alisema.

"Hiki hapana."

Alikipangusa vumbi kwa kanga yake, akanipa mfuko. Nikakipeleka ofisi ya mabasi ya Mwanza. Karani alipapasa mfuko, akaufungua, akachungulia, akanitazama.

"Kimoja tu?"

"Kimoja."

Akaandika namba ya dada juu ya mfuko, akautupia kwenye rundo la mizigo ya jioni.