Mwanga Chini ya Mlango

Mpangaji wa Mama Tegan alilala mchana kutwa, na usiku alipanda mlimani Siding Spring kwenye darubini, kutafuta sayari za mbali. Akizungumza, vidole vyake havikuacha kukizungusha kikombe. Mama Tegan hakumwamini, hasa tangu Tegan, bintiye aliyekwisha kuchumbiwa, aanze kujipulizia manukato kabla ya kuosha vyombo.

“Hizo sayari unaziona?” alimuuliza jikoni jioni moja. “Sizioni, mama. Nakodolea macho kishada cha nyota changa. Mojawapo ikififia, huenda kuna kitu kimepita mbele yake.” “Huenda? Kumbe kazi yako kubahatisha!” Mpangaji akacheka taratibu, kikombe kikizunguka. “Nyota changa huongopa, mama, zina madoa yanayozififisha. Ikififia mara tatu ndipo naamini.” Nyuma yake, koridoni, mwanga wa taa chini ya mlango wa chumba chake ulififia. Ukarudi. Ukafifia tena. Mama Tegan aliweka birika chini, akangoja mara ya tatu. Ukafifia. “Tegan!” “Abee, mama,” sauti ikaitika kutoka chumbani kwa mpangaji.