Firigisi ya Meneja wa Hoki

Timu ya kwanza ya kulipwa ya hoki ya barafu niliyowahi kuiona Doha iliongozwa na watu watatu, na wa tatu ni mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu nimesikia watu wakiisimulia habari hiyo wakataja wawili tu. Hao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo timu ilipokuwa haina hata fimbo moja, na nilikuwepo viti vilipojaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi.

Shule niliachia darasa la sita, huko kwetu upande wa Kakamega. Doha niliingia miaka ya mwanzo ya elfu mbili kama askari wa lango. Kiarabu nilijifunzia pale pale langoni, kwa kubishana na madereva. Nikapata leseni, na tajiri mmoja Mqatari akanichukua nimwendeshe. Wenzangu waliwaendesha mabosi wao wakiwa kimya kama usukani. Mimi nilisikiliza. Dereva anayesikiliza anasoma chuo kikuu bila karo.

Tajiri huyo alisomea nchi za baridi ujanani, akarudi na mchezo huo ndani ya damu. Kulikuwa na mol moja, jengo kubwa la maduka lenye uwanja wa barafu, na wazungu wa maofisini walicheza hapo kujifurahisha. Teksi ziliwakataa. Mkoba wa mchezaji wa hoki ni mkubwa kama godoro lililokunjwa, tena unanuka kama beberu aliyenyeshewa. Nikamwomba bosi basi dogo, niwabebe mimi. Msimu haujaisha nilikuwa najua nani anachelewa, nani anakunywa, na nani goti lake limekwisha lakini anaficha. Basi bosi alipoamua kuunda timu ya kulipwa, ya wachezaji wa kuletwa kwa mkataba, alimleta kocha kutoka Finland, mtu mrefu ambaye neno lake lilitoka kwa taabu kama jino, halafu akaniita ofisini kwake Al Sadd.

"Kocha atatazama barafu," akaniambia. "Mimi nitatazama pesa. Wewe utatazama watu."

"Kwa cheo gani?" nikamuuliza. Asiyeuliza cheo hupewa kazi tu.

Akacheka. "Meneja, ya akhi, ndugu yangu. Meneja wa timu."

Nikanunua suti ya kijivu, na nikafanya kazi ambayo watu wenye digrii wangeikimbia. Wenye mol walitaka jioni zote ziwe za sherehe za kuzaliwa za watoto. Nikaenda kukaa nao, nikanywa chai yao, nikarudi na jioni nne kwa wiki. Nilitafuta daktari, nilitafuta vyumba, nilitafuta mtu wa kunoa vile vyuma vya viatu. Mchezaji akigombana na mkewe kwa simu, aliyejua ni mimi.

Na sheria niliweka mimi. Mwanzoni kabisa wachezaji walialikwa na shabiki mmoja kwenda kupanda matuta ya mchanga kwa magari usiku wa kuamkia mechi. Wakarudi alfajiri, mchanga masikioni, na timu ya kutoka Falme za Kiarabu ikatuchapa mpaka watazamaji wakatuhurumia. Bosi hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Anayetazama watu ni nani?" Kesho yake nikasimama chumba cha kuvalia nikawaambia: siku ya kuamkia mechi, adhana ya magharibi ikisikika, kila mtu yuko chumbani kwake. Hakuna kutembea, hakuna kula nje. Nitapita mwenyewe nigonge kila mlango.

Nahodha wetu, Mcheki mwenye pengo la meno matatu mbele, akauliza, "Na mtu akiwa na sherehe?"

"Hata akizaliwa upya," nikamjibu.

Tukaanza kushinda. Sisemi ni kwa sababu yangu peke yangu. Nasema tulianza kushinda baada ya hapo.

Bosi akanipa nyumba Al Thumama, vyumba vitatu. Kabla ya hapo nilikuwa nakaa chumba kimoja Al Mansoura na askari wenzangu wa zamani, Wakenya na Waganda, jiko moja, foleni ya bafu, mmoja akirudi zamu mwingine anavaa buti. Nikikoroma walinirushia kandambili. Mara ya kwanza kurudi kuwatembelea nikiwa na suti, wote walisimama. Mmoja akafuta kiti kwa fulana yake. "Karibu, Mkubwa." Wakatuma mtu dukani akaniletee soda, wao wakanywa chai. Nikakaa na soda yangu mkononi, hakuna aliyetukana, hakuna aliyenikumbusha deni la zamani la sukari. Baada ya hapo nikapunguza kwenda.

Na kwa wachezaji vilevile. Nikiingia chumba cha kuvalia kicheko kinakatika, wanaanza kukaza kamba za viatu. Uongozi uko hivyo, na atakayekwambia vingine hajaongoza hata kuku. Bosi alikuwa na majilisi yake, baraza la wageni, imejaa watu kila jioni. Kocha alipenda ukimya, ulimtosha kama chakula. Mimi ni mtu wa maneno. Al Thumama nilikuwa nawasha televisheni chumba cha kulala, halafu nakwenda kulia chakula jikoni, ili nisikie mtu anaongea chumba kingine.

Mke wangu alikuwa nyumbani miaka hiyo yote na duka lake la nafaka. Tulionana likizo hadi likizo. Dereva kule haruhusiwi kuleta familia, ila meneja anaruhusiwa. Na mimi, pamoja na suti yangu, kitambulisho changu bado kilisema dereva. Kubadilisha hilo kulihitaji neno la bosi, na neno kama hilo haliombwi ovyo.

Sasa hapa ndipo faida ya kusikiliza. Miaka mingi nilisimama karibu na mlango wa majilisi nikitazama. Nilijua kwamba mtu mwenye haja nzito anapopewa kikombe cha kahawa hanywi. Anakiweka chini mbele yake. Mwenyeji akikiona atauliza, na akisema "kunywa kahawa yako", basi haja imekubaliwa. Siku moja, majilisi imejaa, nilipomiminiwa nikakiweka kikombe zuliani. Maneno yakapungua. Bosi akakitazama, akanitazama.

"Unataka nini?"

"Namtaka mke wangu."

Wakacheka wote, hata mzee mmoja aliyekuwa amesinzia. Bosi akafuta machozi ya kicheko. "Kunywa kahawa yako. Khalas, imekwisha."

Nikanywa. Nionyesheni mhitimu wa chuo aliyefanya hivyo.

Nilipompigia mke wangu hakupiga vigelegele. Alisema, "Nitakuja. Lakini sijasema nakuja kukaa, mume wangu. Nakuja nione hayo maisha unayoyasifu. Nikikuta watu, nakaa, duka atalishika dada yangu. Nikikuta kuta, narudi."

"Nina timu nzima!" nikamwambia.

"Basi nitaiona."

Alifika Jumatano na sanduku lililojaa unga wa wimbi, majani ya mrenda yaliyokaushwa na kuku wawili wa kienyeji waliokaushwa kwa moshi. Sijui aliwapitishaje uwanja wa ndege, na nilimkataza asiniambie. Alhamisi asubuhi nikasimama chumba cha kuvalia nikatangaza: leo jioni kwangu, mke wangu amefika, mnakuja kula kuku. Wakashukuru kwa sauti moja, wengine wakapiga makofi. Nikamwalika na kocha, nikapeleka mwaliko na kwa bosi.

Mechi ilikuwa Ijumaa. Najua unachofikiri. Lakini kwetu sheria ni sheria, na karamu ya kumpokea mke ni karamu ya kumpokea mke. Hiyo hufungua mlango wowote, hata wa jela. Sikuona haja ya kusema kwamba leo sheria imelala. Nani asiyeelewa hilo?

Mke wangu alipika tangu saa nne. Wale kuku wa kwetu, na wengine wa duka la Mhindi wa kuongezea, ugali wa wimbi, mrenda, chapati zilizopangwa kama vitabu. Alivaa gauni jipya. Tukakodi viti. Adhana ikasikika kutoka msikiti wa jirani, ikaisha. Ndege ikapita juu, halafu nyingine. Mlango ukagongwa, nikarukia: dereva wa bosi na sinia la wali na mwanakondoo mzima juu yake, na salamu nyingi. Bosi ndivyo alivyo. Mapenzi yake huyatuma. Chakula kikawa maradufu, watu ni sisi wawili.

Nikampigia nahodha. "Mko wapi?"

"Vyumbani, bwana."

"Kwangu hamkuja?"

"Tulidhani ni jaribio, bwana. Vijana waliulizana sana. Nikawaambia, meneja alisema hata mtu akizaliwa upya."

Nikampigia kocha. "Wote wako ndani," akasema, na kwa mara ya kwanza nikasikia furaha kwenye sauti yake. "Wote. Ni timu nzuri sana sasa."

Ningeweza kusema neno moja, njooni, wangekuja. Sikulisema. Kiongozi akivunja sheria kwa ajili ya meza yake mwenyewe, kesho nani ataishika? Hilo nalisimamia mpaka leo.

Mke wangu alikuwa amesimama na kijiko cha mrenda. "Wanakuja?"

"Wanapumzika. Ni watiifu sana."

"Watiifu." Akaitazama meza. "Na wale wa Mansoura waliokuwa wakikurushia kandambili? Uliwaita?"

"Hii ilikuwa ya viongozi na wachezaji."

"Viongozi ni huyu kondoo?" Akaanza kufunika masufuria. "Washa gari. Chakula changu hakilali."

Tukapakia. Al Mansoura hakuna pa kuegesha, nikasimama katikati ya njia taa zikiwaka, nikawapigia simu. Wakashuka wanne mbio, wakabeba masufuria na sinia, mke wangu akapanda nao akiwauliza kila mmoja kwao ni wapi kabla hata ya kufika ghorofa ya kwanza. Mimi sikupanda. Nilikuwa na milango ya kugonga. Nikaenda nyumba ya wachezaji, nikagonga mmoja mmoja. "Usiku mwema, bwana." "Usiku mwema, bwana." Wote walikuwepo. Kipa alikuwa anakula tambi kwenye bakuli la karatasi.

Niliporudi Mansoura kicheko kilisikika tangu ngazini. Nikavua viatu kati ya viatu, nikapiga hodi. Kicheko kikashuka. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kitanda kile kile nilicholalia zamani, mikono ya gauni ameikunja, anamwonyesha Mganda mmoja jinsi ya kumega ugali wa wimbi. Aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, mtu wa Busia, akasimama akifuta mdomo.

"Mkubwa, pole. Firigisi imekwenda."

Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mtoto haigusi, na mgeni hapewi.

"Nani kakupa?"

"Shemeji amesema mwenye nyumba yuko kazini."

Walikuwa wananitazama kama watu wanaosubiri taa za barabarani zibadilike. Nikacheka, ila nilichelewa kidogo. Ndipo nao wakacheka, kwa kiasi.

Garini mke wangu akauliza, "Umekasirikia firigisi?"

"Mimi? Firigisi ni kitu gani?"

"Wewe huyu uliyewahi kususa chakula siku mbili kwa ajili yake."

Ijumaa tulishinda. Ukumbi ulikuwa umejaa, na mke wangu alikaa amevaa koti langu na leso mbili juu yake, askari wawili wa Mansoura waliokuwa mapumzikoni pembeni yake wakimweleza mchezo wasioujua. Mimi nilisimama nyuma ya benchi na suti yangu, nikafungua na kufunga kile kimlango cha kuingilia barafuni wachezaji wanapobadilishana. Watu hawajui, kimlango kile kikichelewa sekunde, umefungwa bao.

"Uliniona?" nikamuuliza tukirudi.

"Nilikuona. Wakifunga bao wanakumbatiana wote. Wewe unafungua mlango."

"Ule mlango ni kazi kubwa."

"Sijasema si kazi."

Hakusema zaidi mpaka mwezi ulipokaribia kwisha. Jioni nyingi aliniomba nimpeleke Mansoura. Nilimshusha, nikaenda mazoezini, nikamchukua. Siku moja, anakunja nguo kitandani, akasema tu, bila hasira, "Watu wapo hapa, nimewaona. Lakini wako Mansoura, na wewe hukai Mansoura."

"Meneja hawezi kukaa chumba cha askari."

"Najua. Ndiyo maana nakunja nguo."

Nikamwambia mengi. Kwamba timu itakua, kwamba bosi anataka uwanja wetu wenyewe, kwamba hakuna mtu wa kijiji chetu aliyefika nilipofika. Alikubali yote. "Ni kweli," alisema kila mara. "Hakuna." Na akaendelea kukunja.

Uwanja wa ndege alinirekebisha tai, akaniambia nile mboga. Nikamtazama akipita kwenye ukaguzi, anaongea tayari na mama mmoja Mkenya kwenye foleni, wanacheka kama wamezaliwa nyumba moja. Nikashuka upande wa wanaowasili, maana jioni hiyo hiyo kipa mpya alikuwa anatua kutoka kwao huko, na mapokezi ni kazi yangu. Akatoka na mkoba wake, kijana mkubwa mwenye macho ya usingizi, akanipa mkono na kuniita bwana.

Garini alitazama taa za mji. Nikamuuliza kama ana mke. Akasema anaye. Nikamuuliza kama atamleta. Akasema, "Sijui, bwana. Atakuja kutazama kwanza."

Tulikuwa tumefika taa nyekundu. Nikafungua kinywa, nikaona hakuna cha kumwambia ila sheria, nikaanza na ile ya magharibi.