Pantoni ya Mjomba

Mimi ni mbishi. Sisemi hivyo kujisifu, nasema ili ujue unasoma maneno ya mtu wa namna gani. Nafundisha hesabu sekondari, na ukishazoea kuandika ubaoni jambo lisilopingika, unataka na nyumbani mambo yawe hivyohivyo. Marehemu mama alikuwa akisema nikibishana na ukuta, ukuta ndio utakaoomba radhi.

Kazi yangu ya mapumziko ni kutengeneza meli ndogo za mbao. Hapa Viwanja Sitini, Ifakara, wamekwisha kunizoea, ila mwanzoni walicheka mpaka wakachoka. Mwalimu mzima, amekaa barazani anasugua kimeli kwa msasa! Waliuliza nauza bei gani, na nikisema siuzi walinitazama kwa huruma. Mbao naokota kwa fundi seremala wa jirani, vipande vya mtiki ambavyo angevichoma jikoni. Vijiti vya mishikaki vinakuwa vyuma vya kushikia, uzi wa fundi viatu unakuwa kamba. Jirani yangu mmoja, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, aliniomba nimtengenezee meli aliyoipanda ziwani akiwa kijana. Nilipomaliza akalalamika kwamba sikuweka kuku. Nikamwambia kuku si sehemu ya meli. Akanijibu kwa upole kwamba meli ile mimi sijaipanda. Sikumwelewa, nikaona ananitania tu.

Lakini hizo zote zilikuwa za kujifunzia mkono. Niliyoitaka hasa ni pantoni ya Kivukoni, ile iliyotuvusha mto Kilombero kabla ya daraja, kwa sababu mjomba wangu aliifanyia kazi zaidi ya miaka ishirini. Yeye ndiye aliyefunga kamba, akashusha mlango, akapanga malori na ng'ombe na akina mama wenye matenga ya samaki. Ni kaka yake mama, anaishi Katindiuka, na mimi huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Nikimwamkia shikamoo huitikia marahaba mama, kisha ananiuliza kama leo nimempikia. Ndivyo tulivyotaniana tangu nikiwa mtoto.

Miaka ya karibuni macho yake yaliharibika. Hospitali walisema ni presha ya macho, kwamba alichelewa, na mwanga uliokwisha kupotea haurudi. Alipobaki anaona vivuli tu aliniambia jambo moja ambalo sijalisahau. Alisema daraja ni zuri, hana ugomvi nalo, ila vijana wanapita juu yake kwa pikipiki bila kujua chini yake palikuwa na nini. Akasema angependa kuishika pantoni kwa mikono yake mara moja, kabla haijamtoka kichwani kama ilivyomtoka machoni. Nikamwahidi. Hicho tu ndicho alichokitaka kwangu, mtu ambaye hajawahi kuniomba hata chumvi.

Vipimo vyote vilitoka kwake. Hakuwahi kujua mita za pantoni, lakini aliipima kwa hatua zake siku ambazo hakukuwa na magari, na hesabu ya hatua hakuisahau, urefu na upana. Nikamsimamisha uani, nikamwambia atembee, nikapima hatua zake kwa futi kamba huku mkewe akicheka mlangoni. Tulirudia mara kadhaa mpaka nikapata wastani. Alinieleza milango miwili, mmoja kila kichwa, maana pantoni ile haikugeuka. Ilikwenda na kurudi kichwa kilekile kikielekea Ifakara. Mlango wa upande wa Ifakara ulikuwa na kiraka cha chuma alichokiona kikichomelewa, nami nikakiweka hicho kiraka, kidogo kama ukucha. Kila alichosema nilikiandika na kila nilichoandika nilikifuata.

Isipokuwa kibanda cha nahodha. Yeye alisema kilikaa upande maji yanakotoka, ili nahodha aone magogo na viboko vinavyokuja na mkondo. Mimi nilikuwa na picha. Niliiazima kwa mama mmoja tunayesali naye, ilikuwa kwenye albamu ya harusi yake, watu wamesimama mbele ya pantoni na vitenge vyao vya sare, mlango umefichwa na miguu yao. Kibanda kilionekana vizuri juu ya vichwa vyao, kushoto. Basi mtu wa Ifakara akisimama Kivukoni akitazama mto, kushoto kwake ndiko maji yanakokwenda. Hesabu nyepesi kabisa. Nikajua mzee amechanganya, nikakibandika kibanda upande wa chini, maji yanakokwenda, nikapiga vanishi mara tatu.

Nilimpelekea Jumapili baada ya ibada. Alikuwa na wageni, wazee wawili waliofanya naye kazi za shamba na wake zao. Akaipokea magotini, akaanza kuipapasa. Jamani, uso wake! Alipitisha vidole kwenye vyuma vya kushikia, akahesabu nguzo, akakipata kiraka akacheka kwa sauti, akawaambia wageni hiki kiraka nilikuwepo kinachomelewa. Kisha vidole vikafika kwenye kibanda, vikasimama. Akarudi kwenye kiraka, alama yake ya kichwa cha Ifakara. Akaja tena kwenye kibanda.

Akasema, kwa upole tu, kwamba kibanda nimekiweka upande siko. Nikamwambia hapana. Akasema yeye amesimama pale miaka yote hiyo, jua la asubuhi likimpiga kisogoni. Mtu mwingine angesema haya mjomba, nitarekebisha. Mimi nilitoa picha kwenye mkoba, na kwa kuwa yeye hawezi kuiona, nikaipitisha kwa wageni mmoja mmoja, nikiwauliza kibanda kiko wapi. Kushoto, mwalimu. Kushoto. Mmoja wao alitaka kusema kitu, labda kwa kumwonea haya mwenzake, nikamkatiza. Nilikuwa nafundisha kwenye sebule ya mtu.

Nikasema, "Picha haisahau, mjomba. Aliyesahau ni wewe."

Aliondoa vidole kwenye kibanda. Kisha akasema, "Basi nimesahau, mama." Akaniomba niiweke juu ya kabati, watoto wasiifikie.

Sikuona kitu siku ile. Nilikula wali, nikaaga, nikarudi nyumbani nimeridhika. Nilianza kuona baadaye. Zamani ukienda kwa mjomba huondoki bila habari za mto: lori lililokwama, bibi harusi aliyejifungua katikati ya maji, simba aliyelala ng'ambo wakashindwa kushusha mlango. Sasa ukimuuliza alisema hajui, muulizeni mwalimu, yeye ana picha. Mwanzoni nilidhani ni kinyongo, nikanuna na mimi. Haikuwa kinyongo. Mkewe aliniambia kwamba hata mambo ya nyumbani siku hizi anayauliza mara mbili: panga liko wapi, shamba la chini lilipandwa lini, fulani amekwisha kufa au bado. Alisema hujiambia mwenyewe kwamba kama alikosea la pantoni, atakuwa amekosea mangapi.

Hata hapo sikujua kosa langu. Nilijua tu nimesema vibaya jambo la kweli, na mtu mbishi hilo hujisamehe haraka. Nilikuja kujua kiangazi kilichofuata, nilipokwenda Kivukoni kununua kambale kwa mvuvi ninayemzoea. Nilikuwa na ile picha mkobani naipeleka kwa mwenyewe, nikamwonyesha tukicheka nguo za zamani. Akaitazama, akasema kwa furaha kwamba ng'ambo kulikuwa kuzuri enzi zile.

Nikamuuliza ng'ambo kwa nini. Akanishangaa. Akaweka kidole chenye magamba ya samaki pembeni mwa picha, kwenye mitumbwi mitatu iliyofungwa ufukweni. Mtumbwi ukifungwa kichwa, mkia hufuata maji, akasema, na hii mikia yote imeelekea kulia. Ukisimama upande wetu maji huenda kushoto. Hawa walisimama upande wa Mahenge, mwalimu. Alisema hivyo kama anavyosema bei ya samaki, akaendelea kunifungia kambale wangu kwenye mfuko.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenye picha. Ndiyo, akasema, yeye alitolewa kwao Mahenge, walipiga picha wakisubiri kuvuka kuja huku. Hakuniambia kwa sababu sikumuuliza. Kwetu sisi wa Ifakara, Kivukoni ni upande wetu. Ng'ambo ni mahali watu wanapotoka, haikunijia kwamba mtu anaweza kusimama kule akatutazama. Hili nalifundisha kidato cha pili: kitu kikitazamwa kutoka upande wa pili kushoto huwa kulia. Nimewachapa watoto kwa kukosea hilo. Mjomba alikuwa amesema kweli tangu mwanzo, na mimi nilimnyang'anya kweli yake mbele ya wageni wake. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ajabu ni kwamba mimi guu langu lilikuwa zima.

Nilijiona mjinga, na zaidi ya mjinga, niliona aibu inayochoma. Siku hiyohiyo nikaichukua pantoni kwa mjomba nikisema naenda kuipaka vanishi. Nikakibandua kibanda kwa wembe, polepole, nikakihamishia upande maji yanakotoka. Pale kilipokuwa pakabaki kovu, nikalisugua mpaka likafifia. Nilifanya kazi nikijisemea maneno ya kuomba radhi. Nilifikiri nikimrudishia kibanda chake nitamrudishia na mengine.

Nilipoirudisha nilimkuta peke yake na mkewe. Nikaiweka magotini. Akapapasa vyuma, akakipata kiraka, hakucheka. Vidole vikaenda kwenye kibanda.

"Hapa umekosea, mama," akasema. "Kibanda kilikuwa upande wa chini."

Nikaanza kumweleza. Picha, bibi harusi wa Mahenge, mitumbwi, mvuvi. Nikasema mimi ndiye niliyekosea, yeye hakuwahi kusahau, nikapiga magoti pale sakafuni nikamwomba anisamehe. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, na nikaona usoni mwake kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa na hofu.

"Ulinionyesha vizuri siku ile, na watu wote wakaona," akasema. "Nimejifundisha, mama. Sasa nikiifikiria pantoni naiona, na kibanda kiko chini. Usinichanganye tena, maana hicho ndicho nilichobaki nacho."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na ushahidi safari hii, na ulikuwa wa kweli. Mkewe aliyekuwa akipepeta mchele akaacha ungo, akanitazama, akatikisa kichwa.

Nikairudisha nyumbani. Nikachukua wembe, nikakibandua kibanda mara ya pili, nikakigundisha upande usio wake. Siku iliyofuata nikampelekea. Aliipapasa kote bila haraka, kiraka kwanza, kisha kibanda, akasema sasa ndiyo yenyewe. Akanishukuru. Nikamwitikia karibu mjomba, na mkewe akaniletea chai, nikainywa.