Samaki Anayekufa Maji

Kuna samaki anayekufa maji. Kamongo ana mapafu, na akizuiwa kupanda juu kuvuta hewa anazama kama mimi na wewe.

Mimi ni Mkenya, naendesha chemsha bongo kwenye baa za Kamwokya. Jumapili nilikwenda Mengo kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Waganda, kabla ya posa. Nilibeba maswali yangu, na zawadi ya mshindi ndani ya hotipoti ambayo hata mchumba wangu sikumfunulia.

Swali la mwisho lilimhusu huyo samaki. Baba wa mchumba wangu alijibu kabla sijamaliza, kisha akaeleza alivyowahi kumwona akifukuliwa kwenye tope lililokauka, akatiwa majini, akaamka. Sebule nzima ikaduwaa.

"Mzee, umeshinda," nikasema nikifunua hotipoti. "Kamongo wa leo leo kutoka Ggaba, ziwani. Nimemkaanga mwenyewe."

Mchumba wangu akafumba macho.

"Mkenya, wewe unauliza watu kila kitu," mzee akasema taratibu. "Ukoo wetu hukuuliza?"

"Ukoo gani, baba?"

"Wa huyo uliyemkaanga. Ni ndugu yetu, hatumli."

Akaifunika hotipoti kwa mikono miwili, kama anayemfunika marehemu shuka. Hadi leo hajasema kama posa niilete.