Mama Aliyeniomba Nimkumbushe Kidawida

Ukitaka kusema ni jua lilinipiga kichwani, sema tu, sitabishana nawe. Sista niliyekuwa nafanya naye kazi alisema hivyohivyo, na yeye ameona wagonjwa wengi kuliko mimi. Lakini mtu akipigwa na jua huanguka, hutapika, hupumzishwa kivulini, halafu hupona. Mimi sikuanguka. Nilirudi kazini, nikanawa mikono, nikaendelea kupima watoto uzito. Hiki ninachokusimulia kilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na mpaka leo sijapona. Nisikilize kwanza, uamue baadaye.

Mimi ni Mtaita, kwetu ni Wundanyi, Kenya. Mama alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mama yake, ambaye maisha yake yote hakujua lugha nyingine ila Kidawida, yaani Kitaita chetu cha milimani. Kiswahili mimi nilikikuta shuleni. Nilipopata nafasi ya kusomea uuguzi kwenye chuo kimoja hapa Korogwe, watu wa nyumbani walisema nina bahati, naenda nchi ya watu na wala sihitaji kujifunza lugha.

Waliosema hivyo hawajawahi kuishi Korogwe na Kiswahili cha Kenya.

Nilipanga chumba Masuguru, kwa Mama Salome, mjane anayeuza maandazi asubuhi. Siku ya kwanza nilikwenda dukani nikasema, "Nipe sabuni." Muuzaji akanitazama kama nimemtukana. Nikarudia kwa sauti zaidi, nikidhani hakusikia. Jioni Mama Salome akaniita nikae karibu naye. "Mwanangu," akasema, "huku tunaomba. Unasema naomba sabuni. Hata kama unalipa, unaomba." Nikampita mzee wa nyumba ya pili nikamwambia habari yako, akanijibu kwa upole kwamba yeye si rika langu, nikajifunza shikamoo. Umeme ulipokatika nikasema stima zimepotea, na wapangaji wenzangu wakauliza ni meli gani hiyo. Ila kilichowachekesha kuliko vyote ni siku niliposema sina raha kwa sababu nyanya yangu inaumwa kifua. Nilisema hivyohivyo, inaumwa, maana kwetu hatujali sana mambo hayo ya a na i.

Mama Salome alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua hata kichwa. "Itoe kwenye tenga," akasema, "itaozesha na nyingine."

Kwetu mzaa mama ni nyanya. Huku nyanya ni ya kupikia, na mzaa mama ni bibi. Na bibi kwetu ni mke. Siku hiyo tulicheka mpaka Mama Salome akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Nilikuwa nacheka sana wakati ule. Nataka ujue hilo, kwa sababu ukiniona sasa huwezi kudhani.

Kila Jumapili nilimpigia bibi. Binamu yangu Mghoi, anayeishi naye, alimshikia simu sikioni, nasi tukaongea Kidawida mpaka salio likaisha. Huku hakuna mtu mwingine aliyekijua. Wiki nzima nilikuwa Mkenya, yule Mkenya, dada Mkenya. Jumapili bibi aliniita kwa jina la utotoni alilonipa yeye, ambalo hakuna mwingine aliyelitumia, nami nikajisikia mtu mwenye kwao.

Mwaka wa pili tulipelekwa kwenye mafunzo ya vitendo. Mimi nilipangiwa zahanati ya kijiji kimoja pande za Sindeni, huko Handeni. Siku moja ya kiangazi tulikwenda, mimi na Sista, kuchanja watoto kwenye kitongoji cha mbali. Tulipomaliza ilikuwa mchana. Athumani, mwenye bodaboda iliyotupeleka, asingeweza kutubeba wote wawili pamoja na kasha la barafu la chanjo, na chanjo haisubiri, kwa hiyo Sista akatangulia na kasha lake. Mimi niliambiwa ningoje Athumani arudi kunichukua. Sikutaka kukaa bure. Njia ni moja tu na imenyooka, nikaanza kutembea ili anikute mbele.

Njia hiyo inapita kwenye shamba la mkonge lililoachwa zamani. Mikonge yenyewe bado ipo, mingine imetoa milingoti ya maua, na vichaka vimejaza nafasi kati ya mistari. Nyumba hakuna. Jua lilikuwa kali, na upepo haukuwapo kabisa.

Mtu akanisalimu kutoka nyuma.

Niliitikia kabla sijageuka, kama unavyoitikia nyumbani bila kufikiri. Ndipo nikang'amua kwamba nimesalimiwa Kidawida. Ningekuandikia hapa salamu yenyewe, lakini sinayo tena. Utaelewa.

Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, amejifunga kanga mbili zilizopauka. Mikono yake ilikuwa na makovu madogomadogo, kama ya mtu aliyechomwa na miiba miaka mingi. Hakuwa na mzigo, hakuwa na jembe, hakuwa na maji. Mimi nilikuwa natiririka jasho, yeye alikuwa mkavu. Niliyaona yote hayo. Ungeniuliza wakati ule ningekuambia kwamba nimeyaona, na kwamba hayakunihusu. Nilikuwa nimefurahi mno.

Nikamuuliza amefikaje huku kutoka kwetu. Akasema alikuja kufanya kazi ya mkonge. Kidawida chake kilikuwa na mapengo, anaanza sentensi halafu anakwama, anatikisa kichwa. Tukawa tunatembea pamoja.

"Nimekaa huku mno," akasema. "Hakuna wa kusema naye. Nimesahau. Nikumbushe."

Wewe ungefanyaje? Mimi nilimkumbusha. Akanyoosha kidole kwenye jiwe, nikamwambia tunaliitaje. Akaonyesha kivuli, mchwa, moshi uliokuwa mbali upande wa vitongojini, nikavitaja kimoja kimoja. Kila neno alilirudia polepole, kama anayeonja chumvi ya mboga, halafu akataka lingine. Ukawa kama mchezo. Akaniuliza mama huwaitaje watoto waje kula. Akaniuliza mtoto akilia usiku hubembelezwaje. Akaniuliza unamwambiaje mtu aliyefiwa. Vyote hivyo nilivijua kutoka kinywani mwa bibi, nami nikampa vyote.

Niamini, kila neno alipolirudia, kwangu liliondoka. Lakini ningejuaje? Mtu hajui kwamba ameibiwa kitu mpaka siku atakapokitafuta.

Mwishoni akasimama. Kufikia hapo alikuwa anaongea vizuri kuliko mimi, bila kukwama popote, kwa lafudhi ya kijijini kwetu hasa.

"Na bibi yako," akasema, "yeye anakuitaje?"

Nilisita. Sikuwa nimemtajia kwamba nina bibi. Kisha nikajiambia, nani asiye na bibi? Nikamwambia jina langu.

Akalitamka mara mbili. Akatabasamu kama mtu aliyeshiba. Halafu akaniambia kwa Kiswahili, Kiswahili kibovu cha mgeni kabisa, "Asante, dada. Nenda salama." Akaingia kati ya mikonge. Wewe unaijua mikonge, huwezi kupita humo bila kusukuma majani na kuchomwa. Yeye alipita na hakuna jani lililotikisika.

Pikipiki ya Athumani ikafika. Akazima injini, akatazama huku na huku.

"Dada, ulikuwa unaongea na simu?"

"Hapana. Nilikuwa na yule mama."

"Mama yupi?"

Nikamwonyesha upande aliokwenda. Athumani hakuutazama. Alisema ameniona tangu alipotokea kule mbali, niko peke yangu, naongea na kunyoosha vidole kwenye mawe. "Panda tuondoke," akasema. Alipofika zahanati aliingia kunawa uso kabla ya kuendelea na safari zake.

Jumapili ilipofika nikapiga simu nyumbani. Mghoi akampa bibi. Nikasikia sauti yake, ileile, na kikohozi chake, na jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kuanza kusema. Kisha akaanza kusema na sikuelewa kitu. Ilikuwa kama mtu anaongea chumba cha pili na ukuta upo katikati. Nilidhani ni mtandao. Nikakata, nikapiga tena. Bibi akasema tena, akanyamaza kungoja jibu. Nilifungua kinywa nimjibu, na kinywani hakikuwamo kitu.

Nikamwomba Mghoi kwa Kiswahili aniambie bibi anasema nini. Mghoi akacheka. "Umeshakuwa Mtanzania," akasema.

Sikulia. Niliketi kitandani nimeshika simu, nikatazama ukuta mpaka giza likaingia. Hata sasa ninapokusimulia silii. Kitu fulani kilizimika siku hiyo na sijui swichi yake iko wapi.

Niliporudi Korogwe, Mama Salome ndiye wa kwanza niliyemwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika mwiko wa maandazi, mafuta yakaungua jikoni asiyaone. Babu yake alikuwa Mbena, alikuja zamani kukata mkonge akazikwa hukuhuku. Mama Salome akanieleza kwamba kwenye kambi za wakata mkonge watu walikufa wengi, wametoka mbali, na wengine walikufa bila mtu hata mmoja wa kuwaitikia kwa lugha yao.

"Babu alitukataza," akasema. "Mtu akikusalimu Kibena kule kwenye mkonge, usiitike."

"Na wewe uliwahi kusalimiwa?"

"Mimi Kibena nitakijulia wapi, mwanangu? Babu hakumfundisha mtoto wake hata mmoja. Tulikuwa tunamuuliza, babu, kwenu maji mnayaitaje? Anatutazama tu. Tulidhani ni ukali."

Ndipo akanusa mafuta yanayoungua, akaenda kuyaepua.

Nilitafuta dawa kama anavyotafuta mtu yeyote. Hospitali walinipima, daktari akasema kichwa changu hakina tatizo. Kanisani waliniombea. Sheikh wa jirani alinisomea dua na hakutaka chochote. Wote walinitendea wema. Mghoi alipoanza kuniamini kidogo alinitumia maneno kwa sauti, asubuhi moja, jioni moja, niyakariri kama mtoto wa chekechea. Nikilirudia neno linakaa vizuri tu, nalitembeza kutwa nzima. Nikilala linaondoka. Asubuhi namsikiliza Mghoi tena, na ni kana kwamba sijawahi kulisikia.

Kisha bibi akazidiwa. Nilipanda basi mpaka Moshi, nikavuka mpaka, nikapanda milima ya kwetu nikiwa sisikii njaa wala uchovu. Nilimkuta kitandani, amekuwa mdogo sana. Aliponiona macho yake yakafunguka. Mghoi alitoka kwenda kuchemsha uji, tukabaki wawili.

Bibi akanishika mkono, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, taratibu, bila kuhangaika, kama mtu aliyepanga maneno yake akayangojea. Kila aliponyamaza nilitikisa kichwa. Mahali fulani katikati alisema neno moja akanitazama kwa namna ileile ya zamani, na nadhani lilikuwa jina langu. Nadhani. Nilimjibu kwa Kiswahili, "Ndiyo, bibi." Akanitazama kidogo, kisha akageukia ukutani. Usiku ule alifariki.

Wajomba waliniuliza aliniachia maneno gani ya mwisho, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naye. Niliwaambia sikumwelewa. Mjomba mkubwa alisimama akaniambia mbele ya waombolezaji kwamba mtu akikaa nchi ya watu kidogo tu, kwao anakuona kunanuka. Na shangazi mmoja alinijia akanishika mabega, akaniambia kwa Kidawida yale maneno anayoambiwa aliyefiwa. Najua ndiyo hayo, kwa sababu ndiyo watu husema wakikushika vile. Yalinipita kama upepo.

Nilirudi Korogwe, nikamaliza masomo, na sasa nafanya kazi Tanzania. Watu wanasema Kiswahili changu kimekuwa kizuri, hawajui tena kama mimi ni Mkenya. Kwetu siendi sana. Mwaka mmoja wagonjwa walipokuwa wengi nilirudi pande zile za Sindeni, na mama mmoja mkulima aliniambia, kama anayesema habari ya mvua, kwamba siku hizi kule kwenye mkonge anasikika mtu akimbembeleza mtoto kwa lugha ya wageni. Nikamuuliza inasikikaje. Akasema ni nzuri. Nikaendelea kumfunga kidonda chake.

Basi wewe unayesoma, na hasa wewe uliyeko mbali na kwenu kwa masomo au kwa kazi, siku moja unaweza kusikia lugha yenu mahali ambapo watu wa kwenu hawana sababu ya kuwapo. Moyo utaruka. Ni haki yake. Geuka umtazame aliyekusalimu, kama ana jasho, kama ana mzigo, kama majani yanamgusa. Akitaka maji mpe, akitaka chakula mpe, na umjibu kwa Kiswahili. Lakini akikuomba umkumbushe, mwambie na wewe umesahau. Mwambie hivyo, na uendelee kutembea.