Blanketi la Kaka Yake

Babu yangu mzaa baba alikuwa na kiti chake. Kila sikukuu ya Uhuru viongozi wa kijiji walimkalisha mbele, karibu na bendera, kwa sababu alipigana vita vya Mjerumani na Mwingereza. Alipigana wapi, na upande gani, hakuna aliyejua. Ukimuuliza alijibu, "Mambo ya vita ni siri ya serikali." Serikali ipi, nilijiuliza. Ya Mjerumani ilifukuzwa, ya Mwingereza ilikunja bendera yake ikaondoka, na hii yetu haikuwa na habari naye zaidi ya kile kiti. Lakini watu waliitikia kwa vichwa. Mtu akinyamaza sana hudhaniwa ana makubwa.

Aliyetaka kujua hasa ni Bibi. Kabla ya kuwa mke wa Babu alikuwa mke wa kaka yake. Ndugu hao wawili waliondoka Mbozi pamoja, akarudi mmoja, yule mdogo, amebeba blanketi la mkubwa. Kwetu, mtu akifia mbali, nguo yake huzikwa badala ya mwili, na anayeileta ndiye aliyemfumba macho. Haapishwi mtu, nguo ndiyo kiapo. Basi wazee wakalizika blanketi, matanga yakaanuliwa, na mjane akarithiwa na yule aliyelileta. Akamzalia watoto, baba yangu akiwa wa kwanza.

Operesheni ya vijiji ilipotuhamisha kutoka mlimani kuja kando ya barabara kuu, kaburi la blanketi likabaki kule kwenye mibuni ya zamani. Hapo ndipo Bibi alipoanza kusumbuka. Alikuwa amezeeka na kifua kinambana.

"Mjukuu wangu, nimelilia blanketi maisha yangu yote," aliniambia. "Nataka kujua mwenyewe amelala wapi kabla sijamfuata. Huyu hasemi. Wewe ni mwalimu, nitafutie."

Nikaanza kuuliza. Sokoni Vwawa mwanamke mmoja muuza maharage, mtu wa Isongole, aliniambia baba yake alikuwa tengatenga, mmoja wa wale waliobebeshwa mizigo ya wanajeshi, na alitembea na watu wa Mbozi. Shule zilipofungwa nilipanda lori, nikashuka Mpemba, nikapata jingine hadi Isongole, nimebeba sukari na sabuni. Nilimkuta mzee huyo anaota jua, miguu yake imepungua vidole. Nikamwamkia, akapokea sukari, akashukuru, "Ndaga, mjukuu." Nilipomtajia babu yangu akairudisha mapajani mwangu.

"Kumbe wewe ni damu ya nyapara."

"Babu yangu alikuwa askari," nikasema.

Akacheka, cheko baya. "Bunduki hakuwahi kuishika. Alishika kiboko. Sisi tulibeba, yeye alitupiga. Kaka yake naye alibeba, na alipigwa kama sisi."

"Huyo kaka yake alifia wapi, babu?"

"Sijui. Hakuna aliyemwona akifa." Akasugua goti. "Tulikuwa milima ya Njombe, mvua haikatiki. Miguu yake ilivimba, akakaa kando ya njia, akasema hawezi. Nyapara akamtua mzigo, akatugawia sisi. Kisha akamvua blanketi. Tulipopinda kona bado alikuwa anaita. Mdogo wangu, baridi. Mdogo wangu, baridi. Yule hakugeuka. Alikuwa amejifunika mawili."

Njia nzima ya kurudi nilitunga uongo. Ningemwambia Bibi kwamba mumewe alizikwa vizuri, na jiwe likawekwa kichwani. Nikafika nyumbani, nikamkuta Babu kwenye kigoda anakunywa uji aliopikiwa na Bibi, anaupuliza polepole asije akaungua ulimi. Uongo ukanikauka. Nikayasema yote mbele yake, neno kwa neno, pamoja na zile kelele za baridi. Sijutii hadi leo.

Bibi alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuacha. Babu akaweka bakuli chini.

"Langu lilikuwa limeloa," akasema.

Hayo ndiyo maneno pekee niliyowahi kumsikia akisema kuhusu vita vyake. Angelia, au hata angekana, pengine ningemchukia kidogo tu. Lakini aliokota bakuli lake akamalizia uji.

Tangu siku hiyo Bibi alimwita Nyapara. Nyapara, maji ya kuoga. Nyapara, sogea nifagie. Viongozi wa kijiji waliposikia walidhani ndicho cheo chake cha jeshini, nao wakaanza kumwita hivyo kwa heshima. Sikukuu ya Uhuru wakamtangaza mbele ya watoto wa shule: Mzee wetu Nyapara! Watu wakapiga makofi. Babu alitazama vidole vyake. Bibi alipiga vigelegele mpaka kikohozi kikamkamata, na mimi nikacheka, kwa sababu alistahili.

Kipupwe kilichofuata homa ya mapafu ilimwangusha Babu. Baridi ya Mbozi mwezi wa saba haina adabu, inapita hata kwenye tofali. Asubuhi moja alikuwa amelala chini ya blanketi zito, anatetemeka, pumzi inakwaruza. Nilikuwa nampa maji kwa kijiko. Bibi akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamtazama kitambo. Kisha akashika pindo la blanketi akaanza kulivuta, taratibu, kama mtu anayetandua kitanda. Mikono ya Babu ikalifuata, ikalikosa.

Akalikunja vizuri, akalipakata.

"Bibi," nikasema, "bado anapumua."

"Najua," akasema. "Weka kijiko, ukae."

Nikakaa.