Vyombo vya Kyalo

Harufu ya jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo, hunitia kichefuchefu mpaka leo. Wengine wakiisikia hukumbuka shati jeupe la shule au choo cha hoteli. Mimi nikiisikia, hata niwe nimeketi kwenye ofisi ya watu nikingoja kuitwa, narudi moja kwa moja nyumbani kwetu nje kidogo ya Masii, kwenye sebule yetu ya sakafu ya saruji, na ninamwona mama amepiga magoti anasugua. Alisugua siku nne mfululizo. Maji yetu yalitoka mtoni kwa mgongo wa punda, na siku za kawaida ukimwaga kikombe kimoja ungesemwa hadi jioni. Wiki ile maji yalimwagwa tu, na hakuna aliyeuliza. Nikajua anayekuja ni mtu mkubwa.

Aliyekuwa akija alikuwa na miezi mitatu.

Mama yake alikuwa shangazi Mbithe, dada mdogo wa baba, aliyefanya kazi kwenye kiwanda kimoja huko Athi River. Kila Krismasi alikuja na mikate miwili, na nywele zilizonukia mafuta matamu hata tukamfuata nyuma kama vifaranga. Kisha ikaja Krismasi ambayo alishuka kwenye gari bila mkate, amekonda, nguo zimemzidi. Sisi watoto tuliambiwa ni kifua. Agosti iliyofuata akafa hospitalini, akazikwa siku ya pili katika jeneza lililopigiliwa misumari kabla halijafika nyumbani, na mtoto wake mchanga akabaki kule wodini mikononi mwa manesi. Jina la baba yake halikutajwa na mtu yeyote, na wala hatukuthubutu kuuliza.

Watu wa ukoo wakaja kukaa kikao. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango wa jikoni, kwa hiyo niliyasikia yote. Mmoja nyumba yake ni ndogo. Mwingine mke wake ana presha. Wa tatu alianza kueleza habari za karo, akaeleza mpaka akasahau alikoanzia. Susu, nyanya yetu, mama mzazi wa baba na marehemu, alikuwa amevimba miguu kiasi kwamba hata kufika jikoni ilikuwa safari. Alilia tu. Ndipo mama, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kuleta chai, akaweka sinia mezani na kusema, "Huyo mtoto mimi nitachukua. Atakuwa wangu, kama hawa wengine."

Baba alikuwa akitazama viatu vyake. Naomba mshike sana maneno hayo ya mama, kwa sababu nitakayowasimulia sasa yanaweza kuwafanya mmwone mtu mbaya, na hakuwa mtu mbaya. Kati ya watu wazima kumi na mmoja waliokuwa sebuleni siku ile, ni yeye peke yake aliyefungua mdomo kukubali.

Basi maandalizi yakaanza, na mimi nikaanza ya kwangu. Nilikuwa kitinda mimba wa kike mwenye ndugu wawili wakubwa wa kiume, na hamu yangu yote duniani ilikuwa kubeba mtoto mgongoni. Wasichana wote wa rika langu walikuwa na wadogo zao wa kubeba. Walikuja nao mtoni, walicheza mchezo wa kati nao, walijua kuwapigapiga makalio bila hata kukatiza mazungumzo. Mimi nilikuwa sina mtu. Kwa hiyo niliposikia mtoto huyo, Kyalo, anakuja, nilichukua kibuyu cha maziwa cha Susu, nikakifunga mgongoni kwa leso, nikaanza kujifunza. Nilikipeleka shambani kati ya mistari ya mbaazi, nikakibembeleza, nikakiimbia, nikakiambia kinyamaze mama anarudi. Siku ya tatu fundo likafunguka na mtoto wangu akaanguka kwenye matuta, akapasuka vipande vitatu. Susu alisahau msiba kwa dakika nzima. "Kibuyu nilipewa na mama yangu! Huyu msichana ako na mikono ya nini?" Nilikimbilia kwenye katani, nikakaa huko mpaka njaa ikanirudisha.

Wakati huohuo vitu vya mtoto vilikuwa vikiingia nyumbani, na kila kimoja kilinichoma roho. Mjue kwamba mimi na ndugu zangu tulikula kutoka sahani moja. Tulilala chini ya blanketi moja, na anayeamka kwanza ndiye aliyevaa ndala. Sikuwahi kuwa na kitu ambacho ningesema hiki ni changu bila mtu kucheka. Sasa mtoto asiyekuwa hata na meno alinunuliwa kikombe, sahani, kijiko, beseni, sabuni ya peke yake na taulo. Mama alitafuta mkebe wa rangi nyekundu ya mafuta uliobaki karakanani kwa baba, akakaa nao kibarazani, na kwa kijiti akatia doa jekundu kwenye kila chombo. Alifanya hivyo taratibu, akipuliza ili ikauke. Kwa macho yangu ya miaka tisa, lile doa lilikuwa pambo. Nilimwomba anitie na mimi moja kwenye kikombe cha bati nilichonywea.

Mama alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Usiwahi sema hivyo tena," akasema. "Na usiguse hii vitu. Hata mara moja. Umesikia?"

Baba, ambaye alikuwa fundi seremala pale sokoni, alitengeneza kitanda. Siku hizo nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana, na nilimkuta akipiga randa mbao ya mkuyu huku machozi yamechora njia kwenye unga wa mbao usoni. Nilidhani ni vumbi. Kitanda kilikuwa kizuri, na kuta zake zilikuwa ndefu kuliko za kitanda chochote cha mtoto nilichowahi kuona. Kiliwekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mahindi, upande wa pili wa nyumba, chenye dirisha lake na mlango wake. Nyuma ya ghala baba alifunga waya mpya wa kuanikia nguo. Mtoto hajafika, ana chumba, na ana kamba yake ya nguo! Nilimwambia ndugu yangu kwamba labda shangazi alikuwa ameolewa na mbunge.

Jioni kabla hajaletwa, tukiwa tunachambua maharagwe, nilimuuliza mama nitaanza kumbeba lini, siku hiyohiyo au kesho yake.

"Wewe hutambeba," mama akasema.

"Akikua kidogo?"

"Hata akikua. Hakuna mtu atambeba isipokuwa mimi."

Susu alikuwa pale kwenye mkeka wake, na sauti yake ikatoka ghafla kama iliyokuwa ikingoja. "Kama hutaki ashikwe, kwa nini unaleta yeye? Huyu ni damu ya Mbithe. Mimi nitashika."

"Wewe umemaliza kuzaa, Susu," mama akajibu, kwa upole. "Mimi niko na hawa watatu."

Sikuelewa walichokuwa wakisema. Nilielewa kitu kimoja tu, kwamba ni kwa sababu ya kibuyu. Nimeangusha kibuyu, basi siaminiwi na mtoto. Nililala nikiwa na hasira, na hasira yangu haikuwa kwa mama wala kwa Susu. Ilikuwa kwa yule mtoto aliyekuwa na kila kitu na ambaye mimi nilikatazwa hata kumgusa.

Alifika Jumamosi. Mama alikuwa ameamka kupika chapati na birika mbili kubwa za chai, kwa sababu kwetu mtoto akiingia nyumbani akina mama huja, kila mmoja na unga au sukari yake, wanaimba, wanampokezana, wanabishana amefanana na nani. Baba alikuwa ameazima viti kanisani. Viti vikapangwa uani kwa mistari miwili. Saa nne ikapita, saa sita ikapita, chai ikawekwa tena jikoni ipate moto. Viti vile vilibaki vitupu. Mama mmoja wa jumuiya ya kanisa alikuja mpaka kwenye ua, akaweka pakiti ya sukari juu ya nguzo, akapunga mkono na kurudi alikotoka. Jioni baba akavirudisha viti kanisani, na sisi tukala chapati hadi tukaumwa na matumbo. Naona aibu kusema kwamba nilifurahia.

Kyalo mwenyewe alikuwa mdogo kuliko kibuyu changu, mwenye masikio makubwa na macho yaliyokufuata kila ulikokwenda. Mama alimwogesha akiwa amevaa glavu alizopewa na mwanamke aliyefagia zahanati. Alipombeba, kati ya mgongo wake na mtoto aliweka karatasi ya nailoni, na kila alipotembea tulisikia ile nailoni ikichakacha, tukajua mama anakuja. Lakini hakumwacha alie. Hakumwacha alale njaa hata siku moja, hata mwaka ule wa ukame tuliokula muthokoi, mahindi ya kukobolewa, bila maharagwe. Susu ndiye pekee aliyemshika kwa mikono mitupu. Akikaa juani alimweka kifuani, akamnusa kichwa, akamwita mume wangu mdogo, na mama akajifanya hajaona. Susu alikufa kabla Kyalo hajatambaa.

Hapa ndipo ninapoingia mimi, na ningependa kama ningeweza kuruka.

Mwaka ule shuleni walituletea mabango ya ugonjwa wa ukimwi, yenye fuvu la kichwa na mifupa. Mwalimu alipofika kwenye watoto wanaozaliwa nao, darasa zima likageuka kunitazama. Siku hiyo nilielewa jeneza la misumari, rangi nyekundu, viti vya kanisa, kila kitu. Ningeweza kumwonea huruma. Badala yake hasira yangu ya kale ikapata sababu nzuri, na sasa ingeweza kuitwa uangalifu.

Kyalo alipoanza kutambaa alitaka watu. Hakuwa na lingine alilotaka. Alikuja mbio sakafuni akicheka, mikono mbele. Mama akiwa shambani mimi ndiye niliyebaki naye, kwa hiyo nikachukua kipande cha mkaa na kuchora mstari, urefu wa mkono wangu mmoja kutoka nilipokaa. Akiuvuka nilipiga sakafu kwa mwiko, pa! na kumkazia macho. Akiishia pale, nilimchekea na kumpigia makofi. Sikumpiga yeye, sikuwahi kumpiga. Alikuwa mwerevu sana. Wiki mbili zilimtosha. Alifika kwenye mstari, akakaa, akanitazama, akapiga makofi yeye mwenyewe. Baadaye sikuhitaji hata mkaa. Nilijivunia kazi hiyo kama mtu aliyefundisha mtoto kusoma.

Alipokuwa na karibu miaka miwili, mama alimpeleka Machakos kupimwa, maana alikuwa ameambiwa kwamba kabla ya hapo vipimo hudanganya. Walirudi alasiri. Nilikuwa uani nikianika mtama, na jambo la kwanza nililotambua ni kwamba mama anatembea kimya. Ile nailoni haikuwapo. Alimshusha Kyalo karibu na ghala, akaja mpaka katikati ya uwanja, akakaa chini kwenye vumbi na nguo zake za kanisani.

"Hana," akaniambia. "Ndinda, hana kitu. Hakuwahi kuwa nayo."

Kisha akamgeukia, akafungua mikono yote miwili, mikono mitupu, na kumwita aje, kwa Kikamba, "Uka, Kyalo. Uka vaa kwa mama."

Kyalo akaja mbio akicheka. Akafika urefu wa mkono mmoja kutoka kwa mama, akasimama, akakaa chini. Mama akasogea. Naye akasogea nyuma kiasi kilekile. Mama akasogea tena, akimwita, uso wake ukianza kuharibika, na mtoto akarudi nyuma tena kwa uangalifu. Halafu akageuka kunitazama mimi, kuona kama amefanya vizuri, akapiga makofi.

Mama alilia kilio ambacho hakulia kwenye mazishi yoyote. Mimi niliendelea kutandaza mtama.

Imenichukua miaka mingi kuelewa kwamba tulikuwa tumeandaa nyumba yote kwa ajili ya mtoto atakayekufa, na vizuri kabisa, bila kusahau hata kijiko. Kwa ajili ya mtoto atakayeishi hatukuwa tumeandaa chochote. Na Kyalo aliishi. Ana kazi Syokimau, ana mke. Huja nyumbani akiwa na mizigo mikubwa ya vyakula, humsalimia mama kwa mkono, hukaa kiti kilicho karibu na mlango, na kabla jua halijazama huwa ameshaaga.

Akishaondoka, mama huniambia yaleyale. Kwamba ni yeye, na glavu zake, na woga wake, aliyemfundisha yule mtoto kukaa mbali na watu. Sasa ni mzee, na anasema hivyo kila Kyalo anapokuja. Mimi humsikiliza, na sijawahi kumwambia.